Misumari 768

Tabora embe likidondoka usiku, watoto hawasubiri kupambazuke. Mwezi wa Novemba usingizi wa mtoto wa huku ni mwepesi. Akisikia "pu!" anajua limeangukia upande gani wa mti, na kabla mtu mzima hajakohoa yuko nje, peku, anapapasa kwenye nyasi. Na sisi tulikua hivyo hivyo hapa Isevya, chini ya mwembe huu huu. Uko hatua sita tu kutoka ukutani, na matawi yake yanalalia paa. Kwa hiyo kinachoanguka kutoka kwenye paa letu huangukia palepale maembe yanapoangukia.

Naanzia hapo kwa sababu tangu tubadilishe bati za nyumba ya wazazi, watu wengi wamekuja kuniuliza. Wanauliza geji, yaani unene wa bati, bei ya mbao, fundi nilimpata wapi. Wote wanatazama juu. Mimi nataka kuzungumzia chini, uwanja ambao mama anafagia kila alfajiri na wajukuu wanachezea mpaka Magharibi.

Mwaka 2019 tuliezua vyumba vya uani, viwili pamoja na jiko. Fundi alikuwa mwepesi wa mikono, tukafurahi. Siku ya kwanza asubuhi alipanda na vijana wawili, na hadi saa sita mchana bati zote za zamani zilikuwa chini. Walizing'oa na kuzitupa tu. Bati likishuka linapiga ardhi kwa ukingo, linachimba, linaruka, na misumari iliyolegea inatawanyika kila upande. Kazi ilipoisha, kijana mmoja alichukua fagio la chelewa akazungusha uwanja, akakusanya vipande vya mbao na makaratasi, akavichoma nyuma ya choo. Fundi akaomba hela yake. Tukampa yote, na mama akawapikia.

Uwanja ulionekana safi kweli. Alama za chelewa zilikuwa zimenyooka.

Msumari wa bati si kama msumari mwingine, na hili sikulifahamu mpaka nilipoushika na kuutazama. Msumari wa kawaida ukianguka unalala. Huu una kofia pana kama mwavuli, na kwa kuwa umeng'olewa kwa nguvu umepinda katikati. Ukiuweka mezani unakaa juu ya kofia yake na juu ya kile kiwiko, ncha ikitazama mbinguni. Nimejaribu na misumari kama ishirini ya zamani, na zaidi ya nusu ilikaa hivyo. Ni kama umetengenezwa makusudi kumsubiri mtu. Fagio la chelewa nalo haliuondoi, maana chelewa ni laini, zinapita juu yake na kuusukumia kwenye udongo wa vumbi. Septemba udongo wetu ni unga mtupu. Mvua ya kwanza ikija, ule unga unachukuliwa na maji na msumari unabaki wazi.

Ndivyo ilivyokuwa. Mvua zilianza, maembe yakaanza, na asubuhi moja mtoto wa kaka yangu, miaka saba, alikimbilia embe upande wa jiko. Sikusikia kilio. Nilisikia akiita "Shangazi" kwa sauti ya chini, kama mtoto anayeogopa kwamba amekosea. Nilimkuta amesimama kwa mguu mmoja ameshika mti, embe liko mkononi. Msumari ulikuwa umeingia chini ya kidole gumba, na kofia tu ndiyo iliyoonekana, imebanana na ngozi kama kifungo cha shati.

Zahanati ya mtaani walitupokea vizuri. Muuguzi hakuanza na kidonda, alianza kwa kuuliza kadi ya kliniki ya mtoto. Akatueleza jambo ambalo mpaka leo nalirudia kwa kila mtu: pepopunda haitokani na kutu. Inatokana na vijidudu vinavyokaa kwenye udongo na kwenye samadi, ambavyo vinaweza kuishi humo kwa miaka. Vijidudu hivyo vinapenda mahali pasipo na hewa, na tundu la msumari ni jembamba, refu, linajifunga juu haraka. Msumari mpya unaong'aa uliolala kwenye uwanja wa mbuzi una hatari ileile ya ule wenye kutu. Dalili kwa kawaida huchukua kati ya siku 3 na wiki 3 kujitokeza, ndiyo maana watu husahau kabisa habari ya msumari. Watoto wetu huanza kukingwa wakiwa wachanga, kwenye zile sindano za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, lakini kinga hupungua miaka ikienda, na kidonda kama hiki kinahitaji kuangaliwa na mtaalamu siku hiyohiyo. Mtoto alipona. Mama yangu alikaa wiki tatu akimwamsha usiku, anamwambia afungue mdomo, aone kama taya linakubali.

Hilo la mtoto lilionekana. Lingine lilichukua muda. Ile mbao iliyochomwa nyuma ya choo ilikuwa masalia ya mbao za dawa, zile zenye kijani kibichi. Mama, kama alivyofanya maisha yake yote, alichota majivu akamwaga kwenye tuta la mchicha. Baadaye sana ndipo nikajua kwamba dawa ya kijani inayotumika sana kwenye mbao za kuezekea ina shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki ni sumu, na moto hauimalizi. Sehemu inatoka na moshi, nyingine inabaki kwenye majivu. Mbao za namna hiyo hazichomwi na hazipikiwi, hata kipande cha kiganja. Tuliliacha tuta lile. Mama alisikitika kuliko nilivyotegemea, kwa sababu alikuwa ametuokotea vipande vingine vya kuwashia jiko na aliona kama yeye ndiye aliyetukosea. Hakutukosea. Hakuna aliyemwambia.

Wazee wetu wa Unyamwezi walijenga tembe, na paa la tembe lilikuwa miti, nyasi na udongo. Ukienda Kwihara, jirani na mji, pale Livingstone alipokaa mwaka 1872, utaona paa la namna hiyo. Nyumba ile ikibomoka, inarudi ardhini ilikotoka, na msimu unaofuata unaweza kupanda mahindi juu yake. Desturi yetu ya kumaliza kazi kwa fagio na moto ilitoka huko, na kwa nyumba ile ilitosha. Tumebadilisha paa lakini hatujabadilisha namna ya kusafisha chini yake.

Basi Septemba mwaka jana zamu ilifika ya nyumba kubwa. Bati za zamani zilikuwa 64, za mita tatu, zimechoka, mama anaweka mabeseni matano mvua ikinyesha. Safari hii nilianza mazungumzo na mafundi kutokea chini.

"Fundi, nani anasafisha?"

"Aa, tutafagia dada, usiwe na wasiwasi."

"Sisemi kufagia. Nataka kujua bati linashukaje, msumari unawekwa wapi, na jioni mnaacha nini kwenye uwanja wa watu."

Wawili walinitazama kama nimetoka nje ya mada. Wa tatu, mtu mzima kidogo, hakujibu haraka. Alizunguka nyumba, akatazama mwembe, akatazama banda la kuku, akamsalimia mama, kisha akasema, "Mtoto wa nani aliumia hapa?" Huyo ndiye tuliyempa kazi. Alikuwa ameshaelewa kwa nini nauliza.

Tuliandika kwenye karatasi moja. Usafi ulitengewa hela yake, haukufichwa ndani ya bei ya kupaua: kijana mmoja wa ziada kwa siku zote, kazi yake iwe chini tu, asipande hata siku moja. Hili nalisisitiza kwa moyo wangu wote. Usafi usiolipwa haufanywi na fundi, unaachiwa wanawake wa nyumba na watoto, na wao wanaufanya kwa mikono mitupu na miguu peku. Ukisema "mtafagia" bila kutaja hela, umeshamkabidhi mama yako kazi hiyo. Tukakubaliana pia kwamba theluthi ya mwisho ya malipo ya ufundi itatolewa baada ya uwanja kukaguliwa, siyo baada ya kofia ya paa kupigwa. Fundi alisema ni haki, akaomba kitu kimoja tu: tukague siku hiyohiyo, tusimzungushe wiki nzima. Nikaona naye ana haki.

Kabla ya kuezua palikuwa na nyuki kwenye pembe ya paa, jambo la kawaida kwa mkoa wa asali. Alikuja mrina asali usiku na bomba lake la moshi, akawatoa, mama akabaki na bakuli la masega. Darini kulikuwa na kinyesi cha popo cha miaka na miaka, na hapo ndipo nusura tukosee. Vijana walitaka kukikwangua kikavu. Vumbi la kinyesi cha popo linaweza kubeba ukungu unaoingia kwenye mapafu na kuleta ugonjwa mbaya, kwa hiyo tulinyunyizia maji kwanza mpaka kikalowa, wakavaa barakoa, wakakizoa kwa koleo na kukitia kwenye viroba. Viroba kumi na moja! Sikuamini tulikuwa tunalala chini ya mzigo huo.

Tulikodi turubai mbili kubwa na kuzitandaza pande mbili za nyumba, zikafunika mpaka shina la mwembe, mawe pembeni. Kila fundi aliyepanda alifungiwa kiunoni kopo la rangi tupu, na sheria ilikuwa msumari ukitoka unaingia koponi. Bati halikutupwa. Lilishushwa kwa kamba, mtu wa chini akilipokea kwa glavu, maana ukingo wa bati chakavu unakata kama wembe. Siku ya kwanza walilalamika kwamba inachelewesha. Kwa kweli ilichelewesha, tulitumia siku mbili kuezua badala ya moja. Siku ya pili nilisikia kijana mmoja juu ya kenchi akimsema mwenzake aliyedondosha msumari, "Okota huo, kuna watoto hapa," nikajua wameliweka moyoni.

Mchana wa siku hiyo ulipita chamchela. Anayeishi Tabora anaujua, unaibuka pasipo na wingu, unazunguka na vumbi jekundu na majani, unavuka barabara kama mtu mwenye haraka. Ulipita pembeni mwa rundo la bati zilizoshushwa, na bati mbili za juu zikanyanyuka kama karatasi na kuangukia ua wa jirani. Hakuna aliyeumia. Tangu dakika ile rundo lilifungwa kwa kamba ya manila na kuwekewa magogo juu, kila jioni. Ilikuwa kwenye karatasi yetu kwamba bati zipangwe, lakini hatukuandika kwamba zifungwe. Andikeni.

Bati mpya zilipopanda niligundua kwamba usafi wa kazi hii una upande wa juu pia. Fundi hakutumia grinda kukata bati, alitumia mkasi. Nilimuuliza, akanionyesha paa la nyumba ya pili kutoka kwetu, jipya, lenye madoa ya rangi ya kutu kama tetekuwanga. Grinda inatoa cheche, na kila cheche ni chembe ya chuma ya moto inayotua kwenye bati na kushika hapo. Ikipata unyevu inaota kutu na kulidhuru bati lenyewe, na mwenye nyumba analaumu kiwanda. Hata matundu ya skrubu yanaacha vichembe. Kwa hiyo kila jioni mtu wa mwisho kushuka alifagia paa kwa brashi laini, kuanzia juu kwenda chini, kisha akatoa takataka zote kwenye mifereji ya maji. Kwetu hilo lina uzito, kwa sababu maji ya paa tunayatumia. Paa letu linafunika kama mita za mraba 120. Kila milimita moja ya mvua inayonyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, kwa hiyo mvua ya milimita 10 ni lita 1,200, zaidi ya nusu ya tenki la mama. Chochote kilichobaki juu kitashuka humo. Mvua mbili za mwanzo tuliacha mabomba yamegeuziwa nje.

Masalia ya mbao za dawa nilisimamia mwenyewe. Vipande virefu vilirudi kazini, tukatengeneza vichanja vya banda la kuni. Vifupi vilitiwa kwenye viroba, vikaenda dampo na kirikuu pamoja na uchafu mwingine. Mama alisimama mlangoni akivitazama vinavyopakiwa. Kwa mtu aliyepika kwa kuni maisha yake yote, kuona mbao kavu inatupwa ni maumivu, na sikumlaumu.

Hapa nikumbushe jambo moja kwa wenye nyumba za zamani sana, hasa zile zenye paa la kijivu, zito, lililokunjwa kama bati lakini ni kama saruji. Huenda ni asbesto. Hiyo msiiguse kwa namna niliyoeleza hapa. Haivunjwi, haikatwi, haifagiliwi kavu, wala haiezekewi banda la kuku. Nyuzi zake hazionekani kwa macho, zikiingia kwenye mapafu hazitoki, na saratani yake inaweza kuja baada ya miaka 20 au 40, wakati fundi aliyeivunja ameshasahau nyumba yenyewe. Anzeni kwa bwana afya wa kata au ofisi ya serikali inayosimamia mazingira kabla hamjaweka ngazi.

Sasa nije kwenye sumaku.

Nilikwenda kwa fundi redio nikamwomba spika kubwa iliyokufa. Nyuma ya kila spika kuna sumaku ya duara, nzito kama jiwe la kusagia pilipili. Aliibandua kwa bisibisi, akaniuzia kwa shilingi elfu tatu, na nikachukua nyingine mbili. Nilizipanga kwenye kipande cha ubao, nikazifunga kwa waya, nikafunga kamba mbele ya kuvutia. Juu ya sumaku nilizungushia kipande cha kanga iliyochakaa. Kanga ndiyo siri. Bila kitambaa utakaa saa nzima ukibandua msumari mmoja mmoja, tena wenye ncha. Ukiwa na kitambaa unakivuta tu pembeni, sumaku inaachia, misumari yote inamiminika kwenye ndoo.

Mara ya kwanza kuiburuta chini ya mwembe niliogopa kwamba nitaona aibu mbele ya mafundi, maana waliacha kila kitu wakaja kutazama. Uwanja ulikuwa umeshaokotwa kwa mikono na kufagiliwa mara mbili. Nilivuta polepole, hatua kwa hatua. Kimya. Halafu "tk". Halafu "tk, tk". Nilipofika ukutani nikageuza ubao: misumari minne, kipande cha waya, na ndevu nyeusi zimesimama kote, laini kama manyoya ya paka. Fundi mkuu aliinama akazigusa, akasema huo ni mchanga wa chuma ulioko kwenye udongo wenyewe. Kisha akanipokea kamba mkononi, akaendelea kuvuta yeye. Hakunirudishia mpaka giza.

Tulipita mara tatu: kwenda na kurudi kwa urefu, kwa upana, na mara ya mwisho kuzunguka nyumba tukiibana na ukuta. Misumari mingi ilikuwa pale, kwenye mstari wa matone yanayodondoka kutoka paani, ambapo nyasi ni ndefu na fagio halifiki. Bandani kwa kuku ilipatikana miwili. Chini ya jiwe la kufulia, mmoja.

Niliihesabu yote. Bati moja la zamani lilikuwa na matundu kama 12, na bati zilikuwa 64, hiyo ni misumari 768. Iliyoingia kwenye makopo kiunoni ilikuwa 640. Iliyookotwa juu ya turubai na kwa macho, 57. Iliyonaswa na sumaku, 49. Hiyo arobaini na tisa niliiweka peke yake kwenye kikombe cha bati nikakaa nayo kibarazani. Yote ilikuwa imebaki baada ya watu makini, wanaolipwa kwa kazi hiyo, wenye turubai na makopo, kumaliza kuokota na kufagia. Mwaka 2019 hatukuwa na lolote kati ya hayo.

Ilibaki 22 kwa hesabu zangu. Mingine najua ilivunjikia ndani ya papi za zamani, zile mbao zinazopigiliwa bati, na kuondoka nazo. Hesabu yenyewe ni ya kukadiria. Lakini sikuacha kuitafuta. Mvua ya kwanza ilipokatika, asubuhi yake nilipita tena na sumaku kabla watoto hawajaamka, udongo ukiwa umelowa na umeoshwa. Nilipata mitatu, yote karibu na mwembe. Mvua ya pili nikapata mmoja. Ya tatu hakuna. Bati za zamani zilizofaa zilienda kwa kaka wa mama kijijini kuezekea jiko, zilizobaki na ndoo ya misumari zikanunuliwa kwa kilo na mtu wa vyuma chakavu. Fundi alipata theluthi yake jioni ileile ya ukaguzi, pamoja na nyongeza kidogo aliyoitoa mama mfukoni mwake bila kuniambia.

Mtoto wa kaka yangu sasa ni mkubwa, anasoma sekondari na anavaa kandambili akiingia uani, hata usiku. Wadogo zake hawavai. Novemba nilikuwa naamka kabla yao, nasikiliza.

Sumaku imening'inia jikoni kwenye ndoano. Wiki iliyopita jirani yetu ameanza kuezua chumba cha mbele, akamtuma binti yake. "Shikamoo shangazi. Mama anaiomba ile ya kuvutia misumari." Nilimpa pamoja na kipande kipya cha kanga, nikamwonyesha jinsi ya kukifunga, nikamwambia wasiache ule mstari wa chini ya matone, na wakimaliza wasubiri mvua ndipo wairudishe.